Dangier: neno la Kifaransa lililoanza kwa bwana likaishia hatarini

Ukikutana na neno dangier katika shairi la Kifaransa la karne ya 13 ukalisoma kama "hatari", utapotea mapema. Maana hiyo ilichelewa kuja. Asili yake ni dominus ya Kilatini, yaani bwana, na kwanza lilitaja mamlaka ya bwana juu ya watu na mali. Aliyekuwa katika dangier ya mtu alikuwa mikononi mwake: atatozwa, atanyang'anywa au atasamehewa, kwa hiari ya huyo mkubwa. Sheria za ukabaila zilijua hata ardhi iliyoitwa fief de danger. Mrithi akiishika kabla ya kumwapia bwana wake utii, aliweza kunyang'anywa. Hapo utaona jinsi mamlaka yalivyoanza kunuka hatari.

Washairi walilichukua neno wakalipeleka kwenye mapenzi. Bibi anayependwa naye ana mamlaka: anaweza kukataa, kusitasita, kumweka mtu mbali. Kukataa huko nako kukaitwa dangier. Mshairi Guillaume de Lorris, katika shairi refu Roman de la Rose, mnamo 1230 hivi, akalifanyia tashihisi, yaani akaligeuza mtu. Kijana ndotoni anapenda chipukizi la waridi, mfano wa mwanamke anayependwa. Bel Accueil, Mapokezi Mema, anamkaribisha. Ghafla Dangier, mlinzi wa waridi, anachomoka mafichoni: pande la mtu, mweusi, nywele timtim, macho mekundu kama moto, pua imekunjamana. Tena ni mshamba, si muungwana! Neno lililozaliwa kwa bwana limevishwa sura ya mtwana, na sidhani Guillaume hakuiona kejeli hiyo.

Wasomi wamebishana huyu ni nani hasa. Wengine humwona mume au ndugu wanaomlinda mwanamke. Mimi naegemea kwa wanaosema ni ukaidi wa mwanamke mwenyewe, kwa kuwa walinzi wenzake ni pamoja na Aibu na Woga, na hao hukaa moyoni.

Charles d'Orléans, mtawala na mshairi wa Kifaransa aliyetekwa na Waingereza vitani Agincourt mwaka 1415 akafungwa Uingereza miaka 25, katika mashairi yake alimfanya Dangier adui anayemtenga na mpenzi wake. Kwa mfungwa, jina hilo lilikuwa na uzito wa pekee.

Kiingereza nacho kililirithi neno likiwa bado na maana yake ya kale. Kwa Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, tarishi wa mahakama ya kanisa anawaweka vijana wa dayosisi katika daunger yake, yaani anawatawala atakavyo. Na katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kama Mabepari wa Venisi, Portia, akijifanya mwanasheria mahakamani, anamuuliza mdaiwa Antonio kama yumo katika danger ya Shylock, mkopeshaji anayedai kumkata ratili ya nyama ya mwili wake. Anauliza kuhusu deni: je, huyu ana haki juu yako? Lakini Shylock amekuja mahakamani na kisu, kwa hiyo maana ya kale na ya sasa zote mbili zimo katika swali hilo moja.