Gari kugoma kuwaka mara mojamoja: si lazima betri iwe imekufa

Asubuhi unapiga stata, unasikia "tak" moja tu. Ukijaribu tena, gari linawaka kama kawaida. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, na wiki mbili baadaye tatizo linarudi. Inaniuma kuona mtu akipoteza fedha hivyo.

Betri iliyochoka kwa kawaida huzidi kudhoofika siku hadi siku. Hitilafu inayokuja na kuondoka mara nyingi iko kwenye njia ya umeme: kichwa cha betri kilicholegea au chenye unga mweupe, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari) ulioliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi au injini, rilei (swichi ya umeme), au stata yenyewe. Taa za dashibodi hutumia umeme kidogo sana, ndiyo maana zinaweza kuwaka vizuri huku stata, inayovuta zaidi ya ampea 100, ikinyimwa.

Pima kabla ya kununua. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma takriban 12.6. Kisha chukua mita ya kupimia volti, weka waya wake mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina kasoro. Ila pima wakati gari linagoma. Likiwa linawaka vizuri, mita haitakuonyesha kasoro. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.5, pungufu ya hapo, kagua alteneta (inayochaji betri) na mkanda wake.