Mguu ukatwe au uokolewe? Yanayosemwa nje ya chumba cha upasuaji na ukweli wake

Bodaboda imegongwa barabara ya Singida, majeruhi kaletwa Dodoma mjini, muundi umevunjika na mfupa umetokeza nje. Fomu ya ridhaa inasubiri saini, na kila ndugu ana lake la kusema.

"Mguu wake mwenyewe, hata ukiwa mbovu, ni bora kuliko wa bandia."

Hii ndiyo inayowaumiza wengi. Huko Marekani, hospitali 8 zilifuatilia wagonjwa 569 walioumia vibaya miguu, na matokeo yakatolewa 2002. Baada ya miaka 2, waliokatwa na waliookolewa mguu walikuwa na uwezo unaokaribiana wa kufanya shughuli za kila siku. Tofauti ilikuwa kwenye kurudi wodini: karibu nusu ya waliookolewa mguu walilazwa tena, ilhali kwa waliokatwa ilikuwa kama theluthi moja. Hali ya mgonjwa ilitegemea zaidi umaskini, sigara, kukosa watu wa kumshika mkono, na kama mwenyewe anaamini ataweza. Kuokoa mguu maana yake ni vyuma, operesheni za kurudiarudia, kupandikizwa nyama na ngozi, na pengine miezi mingi bila kukanyaga. Mguu bandia nao una gharama zake: huchakaa, hubadilishwa, na mtoto anayekua huhitaji mwingine mapema. Kwa hiyo kwa mkulima wa Kondoa anayetegemea jembe, hesabu lazima ifanywe kwa pande zote mbili.

"Hasikii kitu kwenye unyayo, basi mguu umekufa."

Si lazima. Katika utafiti huohuo, zaidi ya nusu ya waliofika bila hisia kisha mguu ukaokolewa, hisia zilikuwa zimerudi baada ya miaka 2. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inaweza kuwa imebanwa au imeshtuka tu.

"Twende kwanza kwa mtaalamu wa jadi wa mifupa, hospitali watakata."

Naomba hili lisikilizwe kwa makini. Mshipa mkubwa wa damu ukikatika, misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Kidonda kilichofika mfupani kinahitaji dawa za kuua bakteria mapema na kusafishwa chumba cha upasuaji. Vijiti vikikazwa kwa kamba juu ya mguu unaovimba, damu hukatika. Vidole vinakuwa baridi, kisha vyeusi, na mguu ambao ungeokolewa unaoza. Ndugu husema hospitali ndiyo iliyokata, wakati siku zilizopotea ndizo zilizoamua.

"Akikatwa, amekwisha."

Hapana. Goti likibaki, kutembea kwa mguu bandia ni rahisi zaidi, ndiyo maana daktari hujitahidi kukata chini yake. Mafundi wa viungo bandia husomeshwa hapahapa nchini, pale hospitali ya KCMC, Moshi.

"Mguu umeondolewa lakini bado unamuuma, kuna mkono wa mtu."

Maumivu hayo ni ya kweli na yanajulikana vizuri kitabibu: ubongo na neva bado vinautambua mguu. Yana dawa na mazoezi. Mgonjwa aseme, asifiche.

Kabla ya kusaini, muulizeni daktari: damu inafika kwenye vidole? Operesheni ngapi zinatarajiwa? Goti litabaki? Na mgonjwa akiwa na fahamu, aulizwe yeye kwanza, kabla ya baba mdogo na shangazi.