Saa ya ukutani haimjui mtoto wako

Mama mmoja aliyekuja kwangu kutafuta ushauri wa usingizi wa mtoto alifungua programu kwenye simu akanionyesha grafu. Ilikuwa miezi mitatu ya usingizi wa mwanawe: kila usingizi wa mchana na rangi yake, kila alipoamka usiku na dakika zake. Mtoto mwenyewe, wa miezi saba, alikuwa mapajani akitafuna mkanda wa mkoba, macho maangavu, mchangamfu kupita kiasi. Aliyekuwa hoi ni mama.

Nikamwomba aweke simu chini tufanye hesabu kwa vidole. Mtoto analazwa saa 12 jioni kwa sababu programu imesema hivyo, na anatolewa kitandani saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 13. Mchana analazwa mara tatu, jumla saa 3. Kwa hiyo anatakiwa alale saa 16. Tukajumlisha alizolala kweli: 13, wiki nenda wiki rudi. Zile tatu zinazobaki zinakwenda wapi? Moja inaishia jioni, mama akibembeleza gizani na mtoto akipiga godoro mateke. Mbili zinajitokeza saa 8 usiku, mtoto kaketi anacheka, anataka mchezo.

Alikuwa anadaiwa usingizi asiokuwa nao.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja saa 12 hadi 16 kwa watoto wa miezi 4 hadi 11, usingizi wa mchana ukiwemo. Tazama upana wake. Watoto wawili wenye afya wanaweza kupishana saa 4, lakini ratiba nyingi zinazosambazwa mitandaoni huandikwa kana kwamba wote ni walalaji wa saa 16.

Ninapoeleza usingizi kwa wazazi huanza na mambo mawili. La kwanza ni mzigo wa usingizi. Tangu mtoto afumbue macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na ikishakuwa nyingi macho hujifunga yenyewe. Usingizi wa mchana, hata wa nusu saa, hupunguza mzigo huo. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa muda mrefu alasiri hugoma usiku, na wala si ukaidi. La pili ni saa ya mwili, inayosetiwa hasa na mwanga. Mtoto mchanga huzaliwa saa hiyo ikiwa bado haijakaa sawa. Kwa kawaida huanza kuutofautisha usiku na mchana kuelekea mwezi wa pili au wa tatu. Kabla ya hapo, kumpangia muda wa kulala ni kujichosha bure.

Kwa yule mama tulibadilisha vitu vitatu tu. Mtoto aamke saa 12 asubuhi kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, atolewe nje kwenye mwanga. Asinzie mchana popote pale, mgongoni, kwenye kigari, penye kelele, bila mapazia kufungwa wala mtu kunyamazishwa. Na asipelekwe kitandani kabla ya saa 2 usiku, tena hata saa 3 ni sawa kama bado anachangamka. Mama aliniangalia kama niliyetukana. Alikuwa amefundishwa kwamba mtoto akichelewa kulala "atachoka kupita kiasi" na hatalala kabisa. Nakiri kwamba miaka ya mwanzo ya kazi hii hata mimi nilikuwa natoa ratiba za kubandika ukutani, na nilipoambiwa hazifanyi kazi nilidhani wazazi hawazifuati.

Jambo jingine ni kelele za usiku. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni ule wa mang'amung'amu: anaguna, anakunja uso, anatabasamu, anarusha mikono, anapumua haraka kisha taratibu, hata analia kidogo macho yakiwa yamefumbwa. Mzazi anaruka, anambeba, anambadilisha nepi, na hapo ndipo mtoto anaamka kweli. Nasema: weka mkono kifuani pake, sikiliza pumzi mbili tatu. Kama ni mguno wa usingizini, utatulia wenyewe. Kama anakuita, utajua, mbebe mara moja. Simwambii mtu amwache mtoto alie mpaka achoke. Kusikiliza kidogo na kumpuuza ni vitu viwili tofauti.

Na akinyonya mpaka asinzie? Mwache asinzie. Kunyonya huamsha homoni za shibe zinazoleta usingizi kwa mtoto na kwa mama pia. Mwili umeshatengeneza njia ya mkato, halafu sisi tunaiita tabia mbaya. Maneno kwamba ataizoea mikono nimeyasikia maelfu ya mara. Ukiona kunyonyesha kila saa kunakumaliza, tutabadilisha kwa sababu kunakumaliza wewe, na tutaanza taratibu. Kama hakukusumbui, hakuna cha kurekebisha. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wakiwa na miezi 6, asilimia 38 ya watoto hawakuwa wakilala saa 6 mfululizo, na wakifika mwaka bado ilikuwa asilimia 28. Ukuaji wao haukuonekana kuathirika.

Kuna mahali ambapo silegezi kamba. Mtoto alazwe chali, mchana na usiku, kwenye godoro gumu la tambarare, bila mto wala blanketi zito, chumba kimoja na mzazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Usisinzie naye kwenye sofa, hata kwa dakika kumi. Ukihisi kope zinakuwa nzito, inuka. Aliyevuta sigara, aliyekunywa pombe au dawa za kulewesha asilale naye kitanda kimoja, na aliyezaliwa njiti vilevile awe na kitanda chake. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekatisha pumzi au asiyeongezeka uzito ni wa daktari, si wangu.

Halafu mzazi. Wapo wanaoniambia mtoto amelala fofofo lakini wao wamekodoa macho darini wakisubiri aamke. Hapo kwanza naondoa saa chumbani. Kujua kwamba ni saa 9 na dakika 17 hakujawahi kumlaza mtu. Pili, wakiwa wawili, naomba wagawane usiku vipande viwili, kila mmoja apate saa chache asizowajibika hata akisikia kilio. Ikiwa hali hiyo inaendelea wiki mbili, pamoja na huzuni au hofu isiyoisha, namwelekeza kwa daktari siku hiyohiyo, maana sonona ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni unaompata mzazi baada ya mtoto kuzaliwa, mara nyingi hujificha nyuma ya neno "uchovu".

Yule mama alirudi baada ya siku kumi na mbili. Nilimuuliza mtoto anaamka mara ngapi. Akafikiri, akasema mara mbili, au labda tatu, hana uhakika, kwa sababu ile programu alishaifuta.