Mfumo wa jua ni nini, na huzaliwaje?

Mwulize mtoto wa shule ya msingi wa Newala au Nachingwea mfumo wa jua ni nini, naye atakutajia sayari nane bila kukosea: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Amejibu vizuri, ila ametaja tu waliomo. Hajasema kwa nini wanahesabiwa pamoja, na hapo ndipo dhana yote ilipo. Wanahesabiwa pamoja kwa sababu wana asili moja.

Mfumo wa jua, basi, ni nyota pamoja na vyote vilivyotokana na wingu lile lile lililoizaa nyota hiyo, na ambavyo mvutano wake bado unavishikilia visitawanyike: sayari na miezi yake, asteroidi (majabali madogo kuliko sayari), nyota zenye mkia, vimondo, hata vumbi. Watu wengi hudhani Jua lilikuwapo kwanza, kisha sayari zikaja kulizunguka kutoka kwingine. Sivyo. Jua na sayari ni ndugu wa tumbo moja, isipokuwa ndugu mmoja alichukua karibu kila kitu. Zaidi ya asilimia 99.8 ya maada yote ya mfumo wetu imo ndani ya Jua. Katika kile kidogo kilichobaki, sehemu kubwa ni Mshtarii. Dunia, pamoja na bahari zake na milima yake, imo katika mabaki ya mabaki.

Mawingu yanayozaa nyota si jambo la kusadiki tu, unaweza kuyaona. Usiku wa Julai au Agosti, kiangazi kikiwa kimetulia na mwezi umezama, toka kwenye taa za mji wa Mtwara uende upande wa Msimbati, au simama ufukweni Kilwa, kisha tazama juu. Njia Nyeupe, ule utepe wa mwanga hafifu unaokatiza anga, hupita karibu na utosi. Ndani yake kuna mabaka meusi. Ukiyatazama haraka utadhani ni mahali pasipo na nyota, lakini nyota zipo tele nyuma yake. Kinachozificha ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbele yake. Sisi wa kusini tumebahatika hapa, kwani walio Ulaya sehemu hiyo nono ya Njia Nyeupe huiona ikiwa chini kabisa, karibu na upeo, kama wanaiona.

Kwa uzito, karibu robo tatu ya wingu la namna hiyo ni haidrojeni, na karibu robo iliyobaki ni heliamu. Asilimia moja au mbili tu ndiyo kaboni, oksijeni, silikoni, chuma na vinginevyo, vilivyopikwa ndani ya nyota zilizoishi na kufa zamani. Ardhi tunayoikanyaga imetoka katika hiyo asilimia ndogo. Na wingu lenyewe ni baridi mno, kiasi cha nyuzi 260 chini ya sifuri katika sehemu zake nzito. Baridi hiyo ni ya lazima. Gesi yenye joto husukuma nje na kupambana na mvutano. Ikipoa, nguvu ya kujitetea hupungua, na mvutano hupata nafasi ya kukusanya.

Huenda kwetu palikuwa pia na kichocheo. Vimondo vya kale kabisa vina alama za aluminiamu-26, aina ya aluminiamu isiyodumu: kila baada ya miaka kama 700,000 nusu yake huwa imegeuka kuwa kitu kingine. Kwa hiyo ilipochanganyika na vumbi letu ilikuwa bado mpya, na hutengenezwa na nyota kubwa. Wataalamu wengi huona hapo dalili ya nyota kubwa iliyomaliza maisha yake jirani, labda kwa kulipuka, na pengine mshtuko wake ndio uliolisukuma wingu lianze kuporomoka.

Wingu likianza kuporomoka kuelekea katikati yake, jambo moja huamua sura ya kila kitu kitakachofuata: lilikuwa tayari linazunguka, japo polepole sana. Funga jiwe kwenye kamba, lizungushe, kisha ivute kamba ndani ukiwa bado unalizungusha. Jiwe litaongeza kasi lenyewe. Wingu nalo, kadiri linavyosinyaa, linazunguka upesi zaidi. Kutoka juu na chini gesi huanguka kirahisi kuelekea katikati, lakini kwa pembeni mzunguko huizuia isianguke. Matokeo yake ni diski bapa ya gesi na vumbi, na katikati yake bonge linalozidi kubanwa na kupata joto, hadi kwenye kiini chake joto lifike mamilioni ya nyuzi na viini vya atomi za haidrojeni vianze kuungana kuwa heliamu. Hapo nyota imekamilika.

Ushahidi wa diski hiyo hauhitaji darubini. Sayari zote hulizunguka Jua kuelekea upande mmoja, na njia zao zote ziko karibu katika bapa moja, kwa sababu diski iliyozizaa ilikuwa bapa. Ndiyo maana Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hazionekani ovyo ovyo angani, bali hufuata takriban njia ile ile ya Jua. Mji wa Lindi uko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, yapata wiki ya tatu ya Oktoba na tena wiki ya mwisho ya Februari. Njia ya sayari nayo hupanda juu sana kwetu. Ukiziona sayari mbili au tatu kwa usiku mmoja, vuta mstari kwa kidole kutoka moja hadi nyingine: unachora ukingo wa diski iliyokuwapo miaka bilioni 4.6 iliyopita, ukiwa umesimama ndani yake.

Wazo hili la wingu kuporomoka na kuwa diski ni la zamani. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliandika mwaka 1755, na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace akalieleza kwa namna yake mwaka 1796. Kwa muda mrefu lilibaki hoja nzuri isiyo na picha. Kisha mwaka 2014 darubini za redio za ALMA, zilizoko jangwani Chile, zikaelekezwa kwenye nyota changa iitwayo HL Tauri, umbali wa miaka ya nuru kama 450 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), katika eneo la anga lisilo mbali na Kilimia. Picha ilionyesha diski yenyewe, ikiwa na mapete ya vumbi na nafasi zenye giza katikati ya mapete hayo, ambazo huenda zinachimbwa na sayari zinazokua. Nyota hiyo haijafikisha hata miaka milioni kadhaa. Kwa maoni yangu hakuna picha nyingine ya karne hii iliyoeleza dhana hii kwa uwazi kama hiyo.

Sasa tuje kwenye vumbi, maana kupata nyota ni rahisi kuliko kupata sayari. Chembe za vumbi, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hugongana taratibu na kugandana hadi kufikia ukubwa wa kokoto. Baada ya hapo pana kizuizi. Mawe makubwa zaidi yakigongana hudunda au huvunjika badala ya kushikana. Tena gesi ya diski, kwa kuwa inashikiliwa kidogo na shinikizo lake yenyewe, huzunguka polepole kidogo kuliko jiwe. Jiwe basi huwa linapigwa na upepo wa mbele siku zote, linapoteza kasi na kuzama kuelekea kwenye nyota. Jiwe la ukubwa wa mita moja, likiwa umbali wa Dunia, lingemezwa na Jua ndani ya karne chache tu. Kama hadithi ingeishia hapo, tusingekuwapo. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba kokoto hujikusanya zenyewe: zikiwa nyingi mahali pamoja, huivuta gesi iende nazo, upepo wa mbele hupungua, nyingine zinazopita hunaswa, na kundi huwa zito hadi linajiporomokea lenyewe na kuwa jabali la makumi ya kilomita kwa mpigo. Kuanzia ukubwa huo, mvutano wa jabali lenyewe unatosha kuendelea kukusanya.

Kitakachotokea baadaye kinategemea uko umbali gani na moto. Karibu na Jua changa, joto lilikuwa kali na ni chuma na mawe tu yaliyoweza kubaki yabisi. Mbali zaidi, yapata mara tatu ya umbali wa Dunia na Jua, ulikuwapo mpaka ambao ng'ambo yake mvuke wa maji uligeuka moja kwa moja kuwa barafu, kwenye joto la nyuzi kama 100 chini ya sifuri. Huko malighafi ziliongezeka ghafla, mawe na barafu pamoja. Vitovu vya sayari vikakua upesi hadi uzito wa takriban Dunia kumi, vikaweza kuvuta haidrojeni na heliamu zenyewe. Hivyo ndivyo Mshtarii ilivyofikia uzito wa Dunia 318. Ilibidi iwahi, kwani gesi ya diski kwa kawaida hutoweka ndani ya miaka isiyozidi milioni kumi. Uranusi na Neptuni zilipata gesi kidogo zaidi.

Rangi ya kibuluu ya sayari hizo mbili hutokana na methani iliyo katika angahewa zake, ambayo hunyonya mwanga mwekundu. Gesi asilia inayochimbwa Mnazi Bay, Mtwara, na Songo Songo, Kilwa, kwa sehemu kubwa ni methani hiyo hiyo. Namna zilivyotokea ni tofauti kabisa, lakini molekuli ni moja: kaboni moja na haidrojeni nne.

Upande wa ndani mambo yalikwenda polepole na kwa vurugu. Majabali yaligongana na kuungana kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na mgongano mkubwa wa mwisho wa Dunia, pamoja na kitu kinachokadiriwa kuwa na ukubwa kama wa Mirihi, ndio unaoaminika kuuzaa Mwezi. Kati ya Mirihi na Mshtarii, mvutano wa Mshtarii uliyachochea majabali hadi yakashindwa kuungana. Asteroidi zote za huko leo, zikiwekwa pamoja, hazifikii hata sehemu ya kumi ya uzito wa Mwezi.

Tunajuaje umri? Kwa vimondo, na hapa Tanzania ina hazina ambayo wengi wetu hatuijui. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye karibu tani 16, wamekisikia wengi. Sehemu yake kubwa ni chuma, pamoja na nikeli; chuma cha aina hii hutoka katika majabali ya kale yaliyoyeyuka, chuma kikazama kwenye kiini, kisha yakavunjwa na migongano. Lakini jirani yake, Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo kidogo cha gramu kama 700 chenye thamani kubwa zaidi kisayansi. Ukiondoa gesi zinazotoroka kirahisi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa kemikali zake karibu unalingana na wa Jua. Hilo ndilo ungetarajia kama Jua na majabali vilitoka katika wingu moja. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa jina la Ivuna, na vumbi lililoletwa kutoka asteroidi Ryugu na chombo cha Japani, Hayabusa2, Desemba 2020, lilikutwa linafanana nalo.

Chembe kongwe kuliko zote, zilizopatikana ndani ya vimondo vya aina nyingine, zimepimwa kwa madini ya urani yanayogeuka kuwa metali ya risasi, zikatoa umri wa miaka bilioni 4.567. Mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mfumo wa jua una umri wa mara thelathini ya huo.

Hadi mwaka 1995 tulikuwa na mfano mmoja tu wa sayari zinazoizunguka nyota ya namna ya Jua, mfano wetu. Mwaka huo wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz wakatangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku nne tu, ikiwa na uzito wa karibu nusu ya Mshtarii. Sayari kubwa ya gesi kando kabisa ya moto! Kwa mpangilio nilioueleza isingeweza kuzaliwa hapo kirahisi. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba sayari huweza kuhama, zikisukumwa na diski au na sayari wenzao. Sasa zimethibitishwa zaidi ya sayari 5,000 nje ya mfumo wetu. TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 40, ina sayari saba, zote zikiwa karibu nayo kuliko Zebaki ilivyo karibu na Jua.

Na kazi bado inaendelea. Kuzunguka nyota PDS 70, umbali wa miaka ya nuru kama 370, kumepigwa picha sayari mbili ambazo bado zinanyonya gesi. Mwaka 2021 ALMA ilibaini kwamba moja kati yake ina diski yake ndogo, yenye vumbi la kutosha kutengeneza hadi miezi mitatu ya ukubwa wa Mwezi wetu.