Mgonjwa Kufa Si Ushahidi wa Uzembe
Wiki hii nimeambiwa tena: "Wakili, mama aliingia wodini kwa miguu yake, akatolewa maiti. Wanataka ushahidi gani zaidi?" Wanataka mwingi, na nimechoka kuona familia za Kenya zikiuza shamba kwa kudhani vinginevyo.

Wajibu wa hospitali kwa mgonjwa hausumbui kuuthibitisha. Ikishampokea mgonjwa, upo. Kiwango cha huduma hupimwa kwa kesi mbili za Uingereza: Bolam ya 1957 (daktari si mzembe akifanya ambavyo madaktari wenzake wenye ujuzi wangekubali), pamoja na Bolitho ya 1997 (maoni ya wenzake hao lazima yawe na mantiki). Tuendelee.

Kesi hufia pale unapotakiwa kuonyesha kwamba kosa lile ndilo lililoleta madhara. Kasome kesi ya Barnett ya 1968, Uingereza. Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakutoka hata kuwaona. Aliagiza warudi nyumbani. Mmoja akafa kwa sumu ya aseniki. Jaji alikubali kwamba daktari alizembea, na bado mjane akashindwa, kwa sababu hata mumewe angelazwa papo hapo, dawa isingewahi kumwokoa.

Ndiyo maana shahidi mtaalamu anayeishia kusema "huduma ilikuwa mbovu" hajanisaidia. Wakili wa hospitali atasimama amuulize moja tu: kwa kesi ya uzazi, mama angepasuliwa saa mbili mapema, mtoto angepona? Jibu tunalisaka kwenye partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Nikikuta 140, 140, 140 usiku kucha, wino mmoja, mwandiko mmoja, halafu mtoto akazaliwa hapumui, nina la kumuuliza nesi akiwa kizimbani.

Ukurasa mtupu ndio unaonitesa. Unaonyesha uzembe, na papo hapo unaninyima njia ya kuthibitisha kwamba uzembe huo ndio uliomdhuru mtoto. Aliyeacha kuandika ananufaika na pengo lake mwenyewe. Sheria yetu, kwa maoni yangu, haijalitatua hilo vizuri, na sina uhakika kwamba majaji wote huliona kwa jicho moja.

Malalamiko kwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari Kenya, ni njia nyingine. Hayasimamishi saa ya mahakama. Muda wa kawaida wa kufungua kesi ni miaka 3, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Kwa hiyo msisubiri arobaini iishe. Andikeni barua ya kuomba nakala ya faili lote, noti za manesi zikiwemo, mkitaja Kifungu cha 35 cha Katiba, na mhakikishe nakala yenu ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa.