Maji ya Kayabwe hayajui Ikweta iko wapi

Ile video ya Kayabwe, Uganda, imerudi tena kwa magrupu ya WhatsApp, unajua ile, jamaa ana beseni tatu pale kwenye duara jeupe la Ikweta barabara ya Masaka, anaweka ua juu ya maji, upande wa kaskazini linazunguka hivi, kusini linazunguka vile, katikati linashuka tu bila kuzunguka. Maandishi chini eti ni ushahidi wa nguvu za Ikweta.

Jamani, sio hivyo. Kuzunguka kwa dunia kweli kunapinda upepo na dhoruba kubwa, na hapo ndio watu wanachanganyikiwa, lakini beseni ni kitu kidogo sana na linaisha maji kwa sekunde chache, halafu hatua chache kutoka kwenye mstari hiyo nguvu ni karibu sifuri. Kinachozungusha ua ni mkono, angalia vizuri anavyomwaga maji, anamwagia pembeni yanaanza kuzunguka kabla hajatoa kidole kwenye tundu. (Kazi safi lakini, mimi mwenyewe nilimlipa.)

Jaribu nyumbani kwa sinki mara kumi, utaona yanaenda popote. Mwaka 1962 huko Marekani walifanikiwa kuionyesha kweli hiyo nguvu ya kuzunguka kwa dunia, ila walitumia tangi la upana wa karibu mita 2, maji yakatulia siku nzima kwanza, na ni mbali sana na Ikweta.

Kayabwe nendeni, pigeni picha, ila hiyo video ikifika kwako usiifowadi.