Vyuma au mashine? Kwanza niambie seti yako ilikatishwa na nini

Mama mmoja ninayemfundisha alinisogelea jimu wiki hii akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kosa: "Mwalimu, ni kweli mashine ni za wavivu?" Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu. Mapaja yalikuwa yanamtetemeka na jasho limemlowesha. Kuna kijana alipita akamwambia kwamba wenye nia ya kweli hushika vyuma, na neno lile lilimchoma.

Nilimwambia kwamba msuli hauna macho. Hauoni kama mzigo umelala kwenye reli au umekaa mabegani. Unachokihisi ni uzito wenyewe na uchovu unaoufuata. Alitulia. Lakini jibu hilo ni nusu tu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike leo, kwa sababu watu wengi wanaliamua jambo hili kwa ushabiki, kisha wanapoteza miezi kwa kufanya zoezi ambalo haliwapi kile walichokifuata.

Ninaposema vyuma nina maana ya dambeli, yaani kile chuma kifupi cha kushika kwa mkono mmoja, na kile chuma kirefu kinachovishwa sahani za uzito pande zote mbili. Mashine ni chochote ambacho reli, wenzo, au waya unaopita kwenye kapi umekwisha kuamua mzigo utaelekea wapi. Tofauti kubwa iko hapo. Ukishika dambeli, dunia inaivuta kwenda chini moja kwa moja, na kazi ya kuizuia isiyumbe mbele, nyuma wala pembeni ni yako. Kwenye mashine kazi hiyo imeshafanywa na fundi aliyeiunda. Wewe unasukuma tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague nini, nami humuuliza: seti, yaani yale marudio unayoyafanya mfululizo kabla ya kupumzika, ilipofika mwisho, ni nini kilichokukatisha?

Chukua skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama, ukiwa na chuma mabegani. Mtu anafika marudio ya nane, anarudisha chuma kwenye stendi yake, anashusha pumzi. Namwuliza palipochoka. Mmoja anashika mapaja, na kama alikuja kujenga mapaja, basi zoezi limefika mahali pake. Mwingine anashika kiuno. Mwingine anasema pumzi ilimwishia. Wengine wananiambia ukweli ambao wengi huona aibu kuusema, kwamba waliogopa kushuka mara ya tisa. Hao watatu wa mwisho mapaja yao bado yalikuwa na akiba. Wakiendelea hivyo mwaka mzima watapata kiuno imara na moyo wa ujasiri, mambo mazuri yote mawili, lakini mapaja yatabaki nyuma na wao watashangaa kwa nini. Mtu wa namna hiyo namwachia skwati kwa uzito anaoumudu, mwanzoni mwa mazoezi, ili aendelee kujifunza. Kisha nampeleka kwenye mashine ya miguu amalize kazi ya mapaja bila kiuno kuingilia kati.

Swali hilohilo linakata upande wa pili pia. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimfundisha mzee mmoja kwa mashine tupu kwa miezi kadhaa. Namba zake zilipanda kila wiki na wote wawili tulifurahi. Siku moja akaniambia amepepesuka kwenye ngazi akiwa amebeba mfuko mkono mmoja. Miguu ilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichomkatisha ni kuushika mwili wake wima huku mzigo ukimvuta upande mmoja, na mimi nilikuwa sijamfundisha hilo hata siku moja. Nilijilaumu, na tangu hapo simfundishi mtu kwa mashine tupu, hasa mwenye umri mkubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu pamoja na ya kujisawazisha siku 3 au zaidi kwa wiki. Haya mawili yanakwenda pamoja.

Tafiti zinasema nini? Uchambuzi uliojumuisha majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2023, haukuona tofauti ya maana katika ukuaji wa misuli kati ya waliotumia vyuma na waliotumia mashine. Kwenye nguvu, kila mtu aliimarika zaidi katika kile alichokuwa anakifanya: aliyezoea vyuma alifanya vizuri zaidi alipopimwa kwa vyuma, na aliyezoea mashine alielekea kufanya vizuri zaidi alipopimwa kwa mashine. Ukitaka misuli inenepe, basi, usikose usingizi kwa ajili ya mjadala huu. Ukitaka kuwa hodari wa jambo fulani, lifanye jambo lenyewe.

Hapa niingie kidogo kwenye ufundi, maana ndipo panapoonekana kwamba mashine si kifaa cha mkato. Daktari wa Sweden, Gustav Zander, alizijenga mashine zake za mazoezi katika karne ya 19 kwa ajili ya tiba, akitumia wenzo na vizito, na mwaka 1865 akafungua taasisi yake mjini Stockholm. Mashine ziliingia duniani kupitia mlango wa tabibu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1970, Mmarekani Arthur Jones alianza kuuza mashine zake za Nautilus, na jina hilo ni la kiumbe wa baharini mwenye gamba la mzunguko. Gurudumu la mashine zake lilifanana na gamba hilo: halikuwa duara kamili. Upana wake ulibadilika kadiri lilivyozunguka, hivyo mzigo ulibadilika njiani ulingane na nguvu ya msuli katika kila hatua.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo? Chukua dambeli, mkono umening'inia, ukunje kiwiko. Mwanzoni huhisi kitu. Mkono wa mbele unapofika usawa wa sakafu ndipo inapokuwa nzito kabisa, kwa sababu hapo mzigo uko mbali zaidi na kiwiko kwa kipimo cha mlalo. Ukiipita hapo inakuwa nyepesi tena. Au lala chali kwenye benchi, ufungue mikono na dambeli kama unayetaka kukumbatia mti. Chini kifua kinalia. Juu, mikono ikiwa imesimama wima, kifua kinapumzika kabisa, maana mzigo umekalia mifupa. Ukifanya mwendo huohuo kwa waya wa mashine, mvuto unaelekea kwenye kapi na kifua hakipati hapo pa kupumzika. Mimi kwa zoezi hili la kifua nachagua waya bila kusita.

Ufundi huohuo unaeleza kwa nini namba za mashine zisikupe kiburi wala unyonge. Mashine ya miguu ambayo reli yake imeinama nyuzi 45 inakupa takriban asilimia 71 tu ya uzito uliopakiwa. Sahani za kilo 100 zinakurudishia kama kilo 71, ongeza uzito wa kile kitanda kinachoteleza, ongeza msuguano wa reli. Kuna mashine za waya ambazo kapi yake inatembea na kugawa mzigo nusu kwa nusu, na nyingine haigawi kitu, zote zikiwa zimeandikwa namba zilezile. Andika kwenye daftari lako umetumia mashine ipi, na usiilinganishe namba yake na ya jirani. Na kama reli zake ni kavu, utaona kitu cha kusikitisha: kupandisha ni kugumu, kushusha ni kwepesi mno, kwa kuwa msuguano unakusaidia kushikilia. Kushusha ni sehemu ya zoezi inayojenga sana. Mashine kama hiyo inakunyima.

Kuna misuli ambayo vyuma haviitendei haki. Ya nyuma ya paja ndiyo ninayoipigania zaidi. Inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, inapita nyuma ya nyonga na kuishia chini ya goti, kwa hiyo unaposhuka kwenye skwati inavutwa upande mmoja huku ikilegea upande wa pili, urefu wake haubadiliki sana na kazi yake inakuwa ndogo. Kunyanyua chuma kutoka sakafuni kunaisaidia upande wa nyonga. Upande wa kukunja goti unahitaji mashine, na ikiwezekana iwe ile ya kukaa kuliko ya kulala kifudifudi, kwa sababu ukikaa nyonga imejikunja na msuli unafanya kazi ukiwa umenyooshwa. Anayekimbia na haigusi mashine hii, mimi namwonea wasiwasi.

Upande mwingine, hakuna mashine inayoweza kukufundisha kuokota mzigo sakafuni na kutembea nao. Wala hakuna mashine ya mpini mmoja itakayokuonyesha kwamba mkono wa kushoto umekuwa ukibebwa na wa kulia muda wote. Dambeli mbili zinakuambia hilo siku ya kwanza.

Jambo dogo linalowakwamisha wengi ni ukubwa wa hatua. Kutoka dambeli ya kilo 5 hadi ya 7.5 ni nyongeza ya asilimia 50. Kwa zoezi la kuinua mikono pembeni hiyo si hatua, ni ukuta, na mtu anaanza kurusha mwili ili aivuke. Chuma kirefu kinakubali sahani za kilo 1.25 kila upande, nyongeza ya kilo 2.5 tu, lakini chenyewe kikiwa kitupu kina kilo 20, na bega la anayeanza mara nyingi haliko tayari kwa hizo. Mashine inayoanza na uzito mdogo inamfaa huyo, bila aibu yoyote.

Kuhusu usalama, utafiti wa Marekani uliotazama majeruhi waliofikishwa idara za dharura kati ya mwaka 1990 na 2007 ulikuta kwamba takriban asilimia 90 waliumia kwa vyuma, na kisa kikubwa kilikuwa kuangukiwa na uzito. Usiisome namba hiyo vibaya: haituambii ni watu wangapi walikuwa wakitumia kipi. Lakini inatuonyesha hatari yenyewe ilipo, yaani chuma kikimshinda mtu hakina pa kukaa. Mimi sisukumi chuma kirefu kifuani nikiwa peke yangu bila vyuma vya kukingia pembeni, na simruhusu ninayemfundisha. Akitaka kufika mahali msuli unapogoma kabisa, afike hapo kwenye mashine.

Mashine nayo inaumiza, ila polepole. Goti lako linazunguka kwenye mhimili wake na mashine kwenye wake. Mihimili hiyo isipolingana, kila marudio yanakwaruza. Kwenye mashine ya kunyoosha goti, sogeza mgongo wa kiti mpaka goti liwe usawa wa mhimili wa mashine, ambao mara nyingi umewekewa alama ya rangi. Kwenye ya kusukuma kwa kifua, pandisha kiti mpaka mipini iwe usawa wa katikati ya kifua. Watu wanakaa tu kama alivyokaa aliyetangulia, awe mrefu au mfupi. Tafadhali usifanye hivyo. Na kama umerekebisha kila kinachorekebishika na bado haikukai, iache. Kiatu kisichokutosha hukivai kwa sababu ni kizuri.

Kwa mpangilio wa siku, naanza na vyuma mwili ukiwa mbichi na akili imetulia, kisha naingia mashine uchovu unapokuja. Anayeanza kabisa nampa vyote viwili tangu siku ya kwanza.

Yule mama nilimpa dambeli ya kilo 8 aikumbatie kifuani, akae kwenye benchi na kusimama, akae na kusimama. Alifika marudio ya kumi na moja akasimama. Nikamwuliza kilichomkatisha. Alifikiri kidogo, akasema, "Mikono, Mwalimu. Miguu bado inataka." Tukaliacha zoezi hilo kwa ajili ya mikono na mgongo wake, mara mbili kwa wiki, na kwa ajili ya mapaja akarudi kwenye mashine yake ya miguu.